Msaada wakuu: nataka kufunga pazia za kushusha kwenye pagola ya luva, fundi atoboe wapi?

Mti Mkavu
Wakuu, habari za jioni. Mwenye uzoefu anisaidie, muda umenibana.

Kuna pagola ya chuma, yaani kibanda cha kivuli cha nguzo na boriti, zile za kisasa, paa lake ni luva kama za madirisha ya zamani. Unazungusha mkono zinafunguka, unarudisha zinafunga. Upana ni mita nne, kwenda juu mbili na nusu. Nataka kufunga pazia za kushusha upande wa bahari kwa sababu jua la jioni linapiga mpaka mtu unahama na kiti chako. Fundi anasema atapiga skrubu za kujitoboa kwenye boriti ya juu, roli inakaa pale, chini tunafunga kwa kamba. Siku moja kazi imeisha. Sasa moyo wangu unasita. Ni sawa kutoboa boriti ya juu au nimwambie afunge kwenye nguzo? Ni Mbezi Beach. Tafadhali wajuzi tu, utani tuuweke pembeni leo.

Kapu la Nyanya
Utani uwekwe pembeni halafu umekuja kuomba ushauri humu? Nimeshavuta kiti, ngoja waje wajuzi.

Fundi Sinza
Mkuu, kwanza chukua sumaku uiguse ile nguzo. Ikinasa ni chuma, isiponasa ni alumini. Pagola nyingi za luva ni alumini iliyopakwa rangi ya unga, watu wanaziita chuma tu. Chuma ukikitoboa lazima upake rangi ya kuzuia kutu kwenye shimo siku hiyo hiyo. Alumini ina habari zake.

La pili ndilo kubwa. Jiulize, hizo luva zikifunga, mvua inakwenda wapi? Boriti ina mfereji uliofichwa ndani. Maji yanatembea humo, yanashuka ndani ya nguzo, yanatokea miguuni. Huyo fundi wako akiingiza skrubu ndefu ya kujitoboa, inapita ukuta wa kwanza na wa pili, na hapo ameshatoboa mfereji. Leo hutaona kitu. Masika yakiingia maji yatafuata ile skrubu, yatadondokea kwenye roli, na kitambaa kitaota ukungu. Silikoni ya kubandika juu juu usiitegemee, inabanduka. Nguzo nayo usiitoboe kwa kubahatisha, inaweza kuwa na bomba au waya wa taa ndani.

Fungia kwenye uso wa nje wa boriti, chini ya usawa wa mfereji, kwa nati za ribiti (zile zinazobanwa kwenye tundu la ukuta mwembamba, boliti ikajifungia humo) na boliti fupi. Ukuta wa alumini una milimita mbili au tatu, skrubu peke yake haina pa kung'ata. Na kwa kuwa ni pwani, boliti ziwe za chuma cha pua daraja la 316, uweke washa za nailoni katikati. Chuma cha pua kikigusana na alumini penye chumvi, inayoliwa ni alumini.

Sasa na mimi nikuulize: hiyo pagola ipo chini uani au ipo juu?

Mti Mkavu
Asante sana fundi, nimekuelewa. Sumaku haijanasa. Kwa hiyo nikimpa boliti fupi, kamba za chini hazina shida?

Bi Shumbana
Mwanangu, mambo yote hayo ya nini? Panda mwarobaini. Mimi hapa Chanika nilipanda miwili watoto wakiwa shule ya msingi, leo wajukuu wanacheza chini yake, hakuna cha skrubu wala cha nati. Nyie vijana mnajenga masanduku ya vioo na mabati halafu mnashangaa joto. Pasheni nayo inatambaa vizuri sana juu ya fremu kama hiyo, na juisi utakunywa.

Ngosha Mzima
Mama, pasheni ikitambaa kwenye luva zitafungukaje?

Bi Shumbana
Zisifunguke. Kwani umeambiwa lazima zifunguke?

Fundi Sinza
Mti Mkavu, swali langu umeliruka. Ipo chini au juu?

Mti Mkavu
Ipo rufu, juu ya ghorofa ya tatu. Ila sioni tofauti, ghorofa ngapi hapa mjini zina mapazia nje? Nguzo zimefungwa boliti nne nne kwenye slabu, juu yake vigae. Aliyeifunga alikuwa anajua kazi. Na huyu wa pazia nimeshampa nusu ya hela, kwa hiyo wakuu tujadili namna ya kufunga, tusijadili kama nifunge.

Fundi Sinza
Ungelisema hili mwanzo nisingepoteza maneno kwenye silikoni.

Mita nne kwa mbili na nusu ni mita kumi za mraba. Upepo wa kilomita 50 kwa saa, ambao kwa rufu ya pwani si jambo la ajabu, unasukuma pazia la ukubwa huo kwa nguvu ya karibu kilo 120. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, yaani inakaribia kilo 480. Pagola yenye paa la luva tu upepo unapita katikati yake. Ukishusha pazia umeitwisha tanga la jahazi, na tanga lenyewe limeshikwa na boliti zilizopita kwenye vigae. Kusi la mwezi wa saba linakuja kutoka kusini mashariki, kaskazi la mwezi wa kwanza linakuja kutoka kaskazini mashariki. Yote mawili yanakupiga upande wa bahari. Wala sijafika kwenye siku kama ile ya Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia.

Kamba sahau. Kitambaa kitapigapiga usiku kucha hadi kichanike kwenye pindo. Juu kule wanaweka pazia za zipu: kingo za kitambaa zina zipu inayotembea ndani ya reli mbili za pembeni, kwa hiyo hakichomoki. Na hata hizo, upepo ukizidi unapandisha. Kabla ya yote mtu akague miguu ya nguzo kama boliti zimeshika zege au zimeshika kigae.

Ngosha Mzima
Mwaka juzi kwenye harusi ya shemeji yangu Nyegezi, turubai liliondoka na kamba zake likaenda kutua kwa jirani juu ya mabanda ya kuku. Bwana harusi alilipa kuku kabla hajalipa MC. Sikiliza fundi.

Mtoto wa Mutrah
Salaam kutoka Maskati. Huku majira ya joto nyuzi zinapita 45, hizi pazia za zipu tunazo nyumba kwa nyumba. Kuhusu kitambaa, uliza kina uwazi wa asilimia ngapi, yaani vitundu vya ufumaji ni sehemu gani ya kitambaa. Asilimia 5 unaona nje vizuri na upepo kidogo unapita, asilimia 1 ni kama umejifungia. Rangi nyeusi au kijivu kizito inakuonyesha nje vizuri zaidi, nyeupe inakupiga mwanga machoni ingawa haili joto sana. Watu wengi wanachagua nyeupe kwa kupendezesha picha, halafu bahari hawaioni. Na usiku ukiwasha taa, mambo yanageuka: wa nje ndiye anayekuona wewe.

Mwalimu wa Zamu
Samahani, mimi nimesoma uzi mara mbili kuna kitu hakikai. Mbezi Beach bahari ipo mashariki. Mleta mada anasema anafunga pazia UPANDE WA BAHARI kwa sababu ya JUA LA JIONI. Jua la jioni linatoka baharini Mbezi Beach tangu lini? Hata Juni likisogea kaskazini bado linazama upande wa barabara ya Bagamoyo. Angekuwa Kigoma ningemwelewa, kule jua linazama ziwani. Hii ni chai.

Kapu la Nyanya
Nilikuwa nasubiri nani ataleta sukari 😂😂

Ngosha Mzima
Msikurupuke. Ukikaa Msasani upande wa ghuba, pale Slipway, jua linazama majini kabisa na ni Dar hii hii.

Mwalimu wa Zamu
Amesema Msasani? Amesema Mbezi Beach. Halafu nimepita kwenye nyuzi zake za nyuma. Februari huyu huyu alikuwa anaomba ushauri wa chumba na sebule Buza, bajeti elfu sabini. Leo ana rufu ya ghorofa tatu inayotazama bahari. Ama ameokota dhahabu, ama anauza hizo pazia na kesho ataleta namba ya WhatsApp.

Bi Shumbana
Buza pia mwarobaini unastawi.

Mti Mkavu
Mwalimu wa Zamu, kuishi Buza ni kosa? Sijasema nyumba ni yangu. Rudi juu usome, nimeandika "kuna pagola". Nyumba ni ya kaka yangu, yupo nje, mimi ndiye msimamizi. Alichosema ni pazia zifungwe upande wa bahari, mambo ya jua nimeongeza mimi ili swali lieleweke. Desemba anataka kuanza kupangisha rufu kwa wageni, na mvua ya upepo inaingia upande huo. Mmeridhika?

Fundi Sinza
Sasa tunaongea. Kaka alisema pazia za aina gani?

Mti Mkavu
Za kushusha.

Fundi Sinza
Mkuu.

Mti Mkavu
Za zipu, zenye mota. Lakini nyie wenyewe fikirieni: mota pwani, chumvi ile, umeme wenyewe mnaujua, si itakufa mwaka haujaisha? Nikaona za mkono zinatosha. Kitambaa nimekipata Kariakoo kwa bei nzuri. Na ile tofauti sijaila kama mnavyotaka kufikiri, imeingia kwenye nauli, mlinzi, maji, vitu vya pale pale. Mimi silipwi mshahara. Mtu anatuma hela kwa simu anadhani kila kitu kinajifunga chenyewe.

Kapu la Nyanya
Mwalimu, ulitafuta chai umepata na maandazi.

Mtoto wa Mutrah
Hapa naomba nitoke kwenye vitambaa kidogo. Mimi nilijenga Bububu kwa mkono wa ndugu. Kila mwezi natuma, kila mwezi napata picha: leo msingi, kesho linta, kesho kutwa bati. Siku nimekwenda mwenyewe nikakuta linta ni kweli, ila picha za bati zilikuwa za nyumba ya jirani, kapigia pembe ambayo mnazi wangu unaonekana. Sikumwambia kitu mbele ya mama. Hadi leo anajua sijui. Kwa hiyo ndugu, mota hiyo unayoisema itakufa, si yako kuiamulia. Mpigie simu.

Ngosha Mzima
Nami nitasema lisilopendeza. Msimamizi asiyelipwa mnategemea ale nini? Kaka angempa hata laki moja kwa mwezi tusingekuwa na uzi huu. Cha juu kinazaliwa pale ambapo mshahara haupo.

Bi Shumbana
Ngosha, amana ni amana. Kama hutaki kazi unamwambia mwenye kazi hutaki. Mbona kukataa hamjifunzi?

Fundi Sinza
Ya ndugu mtamalizana wenyewe, mimi nabaki na ya pagola. Mota si lazima, pazia za zipu zipo pia za kuzungusha kwa mkono. Kisichokwepeka ni reli za pembeni. Na wageni wanaolipa wakiwa wamekaa chini ya kitu kilichoning'inia kwa skrubu za kujitoboa ghorofa ya tatu, likidondoka anayeulizwa polisi ni aliyepo, si aliyepo nje. Kitambaa cha Kariakoo kimeshakatwa?

Mti Mkavu
Kimeshakatwa. Mita nne kamili.

Fundi Sinza
Kamili kutoka wapi hadi wapi?

Mti Mkavu
Nguzo hadi nguzo. Kwa mujibu wa kaka.

Mwalimu wa Zamu
Kwa hiyo aliyepo Dar anapimiwa na aliyepo nje.

Mtoto wa Mutrah
Mti Mkavu, samahani, huyo kaka yupo nje wapi? Huku Al Khuwair kuna jamaa ana nyumba Mbezi Beach, wiki iliyopita alikuwa ananionyesha pagola yake kwenye simu, rangi ya kijivu, luva nyeupe. Nauliza tu.

Mti Mkavu
Wasimamizi, naomba uzi ufungwe. Nimeshapata msaada.

Kapu la Nyanya
Usifungwe! Rangi gani mkuu? Kijivu?

Fundi Sinza
Kabla hawajafunga: pima upana juu, katikati na chini, nguzo hazisimami sawa hata siku moja. Ukate kwa kipimo kidogo kuliko vyote, kisha utoe nafasi ya reli na vishikio vya roli. Hicho cha mita nne kamili hakitaingia.