Warefu na wenye wazee wanaoumwa magoti, gari gani imewafaa? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Magari tunayajadili kila siku, mafuta, spea, bei ya kuuzia tena, ila jinsi mtu anavyoingia na kutoka kwenye hiyo gari hatuigusi kabisa. Mimi nina futi sita na inchi nne, na nyumbani naishi na bi mkubwa, mama yangu, wa miaka 78, magoti yameshachoka. Gari ni moja na inatakiwa itubebe wote. Sasa wewe uliye mrefu, au unayemwendesha mzee kila wiki kliniki, msikitini, kanisani, tuambie gari gani imekufaa na ipi imekutesa, na useme kwa nini. Nataka za mtu aliyekaa humo, sio za kusoma kwenye tangazo.

Naanza mimi. Tuna Toyota IST ile ya kwanza. Injini haina neno na bi mkubwa akikaa mbele anaingia vizuri tu kwa sababu kiti hakiko chini sana. Tatizo ni mimi. Usukani unapanda na kushuka lakini hauvutiki kuja kwangu, kwa hiyo nikisogeza kiti nyuma miguu ipumue inabidi niendeshe mikono imenyooka, nikisogea mbele goti linagusa chini ya usukani. Na nikirudisha kiti mpaka mwisho anayekaa nyuma yangu hana pa kuweka magoti yake, yani ile siti ni kama haipo.

Mdau wa Tanga

Mkuu tafuta Toyota Raum, ile ya pili iliyotoka 2003 mpaka 2011. Upande wa kushoto haina nguzo ya katikati, ukifungua mlango wa mbele ukavuta na wa nyuma unabaki na uwazi mmoja mpana kama mlango wa sebule. Baba yangu alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Tukimkalisha mbele kushoto, mkono wake mzima ndio unakuwa upande wa mlango, anashika mwenyewe, anashusha makalio taratibu, mimi namsaidia kuinua mguu mmoja tu. Kiti cha magurudumu kinasogea mpaka kinagusana na gari hakuna nguzo ya kukizuia. Na yeye akiona anafanya mwenyewe anafurahi, siku nzima inakuwa nzuri.

Ubaya wake iko chini, matuta ya huku mtaani inayakwaruza. Mafundi wote wananishauri niweke spesa za kuiinua nimekataa, maana ukiinua gari umeinua na kiti, na hicho kiti kilivyo sasa ndicho kinamfaa mzee.

Mdau wa Nairobi

Huku Kenya gari ikipita miaka minane tangu isajiliwe kwa mara ya kwanza hairuhusiwi kuingia nchini, kwa hivyo Raum ukipata ni ile imeshatembea barabara zetu miaka mingi. Mimi nilimchukulia shosho (bibi yangu) Toyota Porte ya pili, ile ilianza 2012, kushoto iko na mlango mmoja mkubwa wa kuteleza na upande wa dereva iko na milango miwili ya kawaida. Sakafu iko chini na imelala sawa, shosho anaingia na mkongojo wake mkononi, hainui mguu sana. Lakini ukienda kuangalia gari ya mlango wa umeme fungua na ufunge huo mlango mara nyingi, usikilize kama unakwama ama unapiga kelele, kwa sababu waya wa kuvuta mlango ukikatika ni gharama na shosho anabaki nje akingoja. Jaribu pia ikiwa imesimama kwa mteremko.

Mdau wa Mwanza

Mimi nije na ya kutesa. Kaka yetu alimnunulia mama Prado, kwa nia njema kabisa, akijua mama amelea watu na anastahili gari ya heshima. Lakini mama ni mfupi na nyonga zinamuuma, kile kibati cha kukanyagia kiko juu kuliko hatua yake. Akitoka kanisani inabidi vijana wawili wamsukume kwa nyuma mbele za watu, na yeye ni mtu wa kujisitiri sana, anaumia rohoni hata kama hasemi. Siku hizi Jumapili anamuita kijana wa bajaji. Ukimuuliza anakwambia kwenye bajaji nakaa kwanza halafu naingiza miguu yangu, basi. Gari ya mamilioni imeegeshwa hapo nje na bajaji ndiyo inamfaa, kwa hiyo ndugu zangu kabla hujalipia mpeleke mzee mwenyewe akakae.

Mleta mada

Mdau wa Mwanza hapo umenigusa, maana hata mimi kuna watu wameshanisukuma ninunue gari ya juu, "mama apumzike". Kumbe kinachotakiwa ni kiti kiwe usawa wa makalio yake akiwa amesimama, asiporomoke chini na asipande mlima. Mark X na Crown atashuka chini sana, kutoka ndio kazi. Land Cruiser atapanda mno. Warefu mbona kimya?

Mdau wa Mbeya

Tupo mkuu. Mimi nina sentimita 196, kazini nilikuwa natumia kirikuu, kile kipikapu kidogo, nilikuwa naendesha magoti yamepanuka kushoto na kulia kwa usukani, jioni mgongo hautamaniki. Nilipotafuta gari yangu nilidhani gari kubwa ndiyo yenye nafasi, nikaenda kujaribu Harrier yenye kioo cha juu, kichwa kikagusa dari palepale. Kile kioo na mfumo wake vinakula nafasi ya kichwa, kama wewe ni mrefu tafuta isiyo nacho. Mwisho nilitulia kwenye Corolla Rumion, ile yenye umbo la boksi, dari imeenda juu na imenyooka mpaka nyuma, unakaa wima kama binadamu.

Ukienda yadi vaa viatu unavyoendeshea, sio kandambili. Weka ngumi juu ya kichwa, ikipita kati ya kichwa na dari uko salama. Halafu toa mguu kwenye mafuta upeleke kwenye breki haraka, uone goti linagonga usukani au haligongi. Likigonga hiyo gari achana nayo hata ikiwa bei nzuri vipi, siku ya dharura ndiyo litagonga. Na usikubali fundi akuchomelee reli za kiti kukirudisha nyuma, nimeona watu wanafanya. Hicho kiti ndicho kinakushikilia gari ikigonga, na kishikizo cha mkanda mara nyingi kimefungwa hapohapo kwenye kiti.

Mdau wa Unguja

Assalam alaykum. Bibi yetu alibadilishwa nyonga pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili Dar es Salaam, tukaambiwa kwa muda asikae mahali magoti yakawa juu kuliko nyonga. Basi gari zote za chini zikatoka. Tunatumia Noah ile ya zamani, AZR60, kiti kipo juu na mlango wa kuteleza mpana, ila ile hatua ya kupandia ndiyo ilikuwa mtihani. Seremala akatupigia kigoda kipana cha mbao, chini tumekibandika mpira wa tairi kisiteleze, kinakaa garini muda wote. Akipanda anatanguliza mguu mzima, akishuka anatanguliza ule uliofanyiwa operesheni, hivyo ndivyo walivyomfundisha wa mazoezi hospitali na mpaka leo anatuhimiza yeye mwenyewe tukimharakisha.

Jengine, angalieni mnapoegesha. Gari ya juu kama Noah sogezeni karibu na baraza au ukingo wa njia, mzee atoke pale juu aingie. Gari ya chini fanyeni kinyume, wekeni mbali na ukingo asimame usawa mmoja na tairi, la sivyo kiti kinakuwa chini zaidi kwake.

Mdau wa Dar

Naongezea mbili tatu. Kwenye minada ya Japani kuna gari za Toyota zimeandikwa Welcab, zimetengenezwa kiwandani kwa ajili ya wazee na walemavu. Zipo zenye kiti kinachozunguka, kinatoka nje ya mlango na kushuka, mtu anakaa halafu kiti kinamuingiza. Ukipata hakikisha rimoti ipo na uombe video kiti kikifanya kazi, maana mota yake sio spea ya kuipata Kariakoo kila siku.

La pili ni ushuru. Gari ikiwa na miaka zaidi ya 10 uchakavu (ushuru wa ziada wa gari kuukuu) ni asilimia 30, ya miaka 8 mpaka 10 ni asilimia 15, na Raum zote sasa zimeshapita hiyo 10. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, na mwaka na modeli kamili kabla hujatuma hela Japani, wakati mwingine iliyokwisha lipiwa hapa mjini inatoka nafuu.

Na gari uliyonayo sasa, mkuu, jaribu hivi kesho tu. Sogeza kiti cha mbele nyuma mpaka mwisho, laza mgongo wake kidogo, tandika kitambaa cha satini juu ya kiti. Mama ageuke, mgongo uelekee gari, arudi mpaka miguu iguse, akae kwanza. Halafu anazunguka na kitambaa kinateleza naye. Akishakaa vizuri kitoe, asiende akiwa anateleza kwenye mkanda.

Mleta mada

Hiyo ya satini nimeifanya jana jioni, bi mkubwa ameingia bila kunishika bega, akaniambia nirudie tena aone kama ni kweli. Asanteni sana wakuu.

Jumamosi naenda naye yadi, akakae kwenye Raum na Porte, na mimi nipige ngumi na breki za Mdau wa Mbeya kwenye kila moja. Ila kuna mtu amenitajia Isis, kwamba nayo haina nguzo upande wa kushoto na ina siti saba. Mwenye nayo humu, na hasa kama wewe ni mrefu, hebu niambie kiti cha dereva kinarudi nyuma kiasi gani na siti ya nyuma yako inabaki na nafasi au ndio yale yale ya IST?