Michungwa: samadi pekee, mbolea ya viwandani pekee, au zote mbili?

Mpanda Milimau
Salaam, wanajukwaa. Nina michungwa na milimau iliyokwisha kuanza kuzaa, nami napanga namna ya kuirutubisha msimu ujao. Naona njia tatu: samadi na mboji tu, mbolea za viwandani tu, au kuzitumia zote mbili. Wanaosifu njia ya tatu ni wengi, lakini sijapata anayeeleza kila upande uchangie kiasi gani na kwa nini. Naomba ulinganisho wenye sababu.

Mzee wa Mboji
Ndugu, mimi nasimama upande wa mbolea ya asili. Mizizi ya miti hii inayofyonza chakula imejaa karibu na uso wa ardhi, mingi ikiwa ndani ya sentimita 60 za juu, na hapo ndipo samadi hufanya kazi yake. Fukua kwa vidole chini ya matandazo yaliyooza, utaikuta mizizi myembamba kama uzi imeshikamana na vipande vya samadi. Kwenye udongo mtupu unaopigwa na jua huioni hapo juu. Udongo wa kichanga uliolishwa mboji hushika maji na virutubisho kwa muda mrefu zaidi, na hakuna mfuko wa urea unaoweza kukupa hilo.

Pima Kwanza
Mzee wangu, hayo yote ni kweli, na sipendekezi hata kidogo kuacha samadi. Tatizo lake ni wakati. Samadi ya ng'ombe huachia sehemu tu ya naitrojeni yake katika mwaka wa kwanza, na kasi hiyo hutegemea joto na unyevu, si mahitaji ya mti. Mchungwa huhitaji naitrojeni zaidi kuanzia unapochipua na kutoa maua hadi matunda yanapotunga na kukua. Ikiachiwa kwa wingi matunda yanapokaribia kuiva, mti huendelea kutoa majani, rangi ya matunda huchelewa na ganda huwa nene. Mbolea ya viwandani pekee nayo ina hasara zake: urea iliyoachwa juu ya udongo bila kufukiwa wala kumwagiliwa hupotea hewani ikiwa amonia, naitreti, yaani umbo la naitrojeni linaloyeyuka katika maji, huchukuliwa na maji hadi chini ya mizizi, na mbolea zenye amonia huongeza uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo naunga mkono njia ya tatu, kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau: samadi iingizwe kwenye hesabu. Tuchukulie kwamba mti mmoja unahitaji gramu 400 za naitrojeni kwa mwaka. Ukiweka kilo 20 za samadi kavu yenye asilimia 1.5 ya naitrojeni, umeweka gramu 300, na tukikadiria kwamba theluthi moja itapatikana mwaka huo, samadi imetoa gramu 100. Zinabaki gramu 300, ambazo ni kama gramu 650 za urea, kwa kuwa urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Anayeweka samadi hiyo kisha akaongeza mbolea ya viwandani kwa kipimo kamili amezidisha, na mti utamwonyesha kwa majani mengi kuliko matunda. Samadi ya kuku kwa kawaida ina naitrojeni nyingi zaidi na huiachia upesi, kwa hiyo msitumie hesabu ya ng'ombe kwa kuku.

Bibi Chenza
Naongeza la potasiamu, maana mazungumzo haya yameelemea naitrojeni mno. Machungwa yanapovunwa huondoka na potasiamu nyingi kuliko naitrojeni. Ikipungua, matunda huwa madogo na ganda lake huwa jembamba na rahisi kupasuka. Ikizidi, ganda huwa nene na la kukwaruza, na mti hushindwa kufyonza magnesiamu vizuri. Tazameni majani yaliyokomaa: yakigeuka manjano pembeni huku kitako cha jani kikibakiza pembetatu ya kijani, magnesiamu imepungua. Chagueni potasiamu ya salfeti badala ya ile ya kloridi, hasa pale maji ya kumwagilia yana chumvi, kwa sababu miti hii haivumilii kloridi.

Mpanda Milimau
Ahsanteni sana. Je, naweza kuchanganya samadi na urea katika rundo moja na kuziweka siku moja?

Pima Kwanza
Ni bora uzitenganishe. Tandaza samadi iliyooza vizuri wiki kadhaa kabla ya machipukizi mapya, kisha naitrojeni ya viwandani uigawe mara mbili au tatu kuanzia kabla ya maua hadi matunda yawe madogo. Usiichanganye urea na majivu wala chokaa, kwani hupoteza amonia.

Mzee wa Mboji
Na maranda ya mbao mabichi usiyafukie ardhini, maana vijiumbe vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo na kuunyima mti. Mbolea zote ziwekwe chini ya ukingo wa matawi. Samadi iliyorundikwa kwenye shina huweka unyevu gomeni na kukaribisha ugonjwa wa kuoza shina, kwa hiyo acha sentimita 30 hivi zikiwa wazi kulizunguka.