Naomba ushauri: kumtembeza mama Savannah

Habari zenu ndugu zangu. Mama amekuja kutoka Tanga, na Jumamosi nampeleka Savannah, jimbo la Georgia, Marekani, kwa siku 2. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Anachotaka zaidi ni kanisa la First African Baptist, aone kwa macho yake yale matundu ya sakafuni yaliyopangwa kwa umbo la alama ya watu wa Kongo. Halafu akae kando ya mto atazame meli za makontena zikipita.

Tatizo ni River Street, mtaa wa kando ya mto. Kwenye picha naona ngazi za mawe zilizosimama kweli, na chini mawe tupu yasiyo sawa. Nimepiga simu hotelini, sikupata jibu la maana.

Waliofika: kuna pa kushukia mtoni bila ngazi? Na siku ya pili, nimpeleke ufukweni Tybee au tukae kivulini Forsyth Park?