Faili za wateja zinapotea kila nikideploi (nikipeleka toleo jipya mtandaoni): nibaki kwenye kontena, nirudi cPanel (hosting ya kugawana seva) au nichukue VPS (seva ya kukodi ninayoisimamia mwenyewe)? (niko Tanga)

mtoto_wa_ngamiani (saa 2:14 usiku)
Wadau salama? Nisaidieni maana nimechoka kupigiwa simu. Nina mteja ana duka la steshenari hapa Ngamiani, nikamtengenezea mfumo kwa Laravel (fremu ya lugha ya PHP), mtu anapandisha pidiefu yake akiwa nyumbani, akifika dukani anakuta karatasi zishabanwa pini, analipa anasepa. Kwenye laptopu yangu na XAMPP mambo yalikuwa mswano kabisa. Nikaiweka kwenye moja ya hizi huduma unaunganisha na GitHub (ghala la kodi) yenyewe inajenga kontena (boksi linalobeba programu na vyote inavyohitaji), wiki ya kwanza poa, sa hivi kila asubuhi dada wa kaunta anafungua oda, jina la mteja lipo, idadi ya kopi ipo, akibonyeza faili inamjia 404 (haipo). Jana mwalimu kapanda daladala toka Pongwe kuja kuchukua mitihani nakala 120, faili hakuna, na flashi kaiacha nyumbani. Maneno niliyoyapata hapo hayaandikiki.

Nataka kuhama. Niende wapi?

mzee_wa_logi (saa 2:31 usiku)
Yakhe usihame kwanza, utahama na kunguni kwenye godoro. Nijibu kitu kimoja, faili zinapotea ukipushi (ukituma kodi mpya) tu au hata siku hujagusa kitu?

mtoto_wa_ngamiani (saa 2:33 usiku)
Hata siku sijagusa mzee. Ndo kinachonichanganya.

mzee_wa_logi (saa 2:52 usiku)
Basi hakuna muujiza hapo. Kontena inazaliwa kutoka kwenye kodi yako, chochote kinachoandikwa ndani yake baadaye kinakufa nayo. Ukideploi inauliwa inaletwa mpya, lakini pia wenye huduma wanaizima na kuiwasha wanavyotaka wao. Heroku kwa mfano wameandika wazi kwenye maelezo yao kwamba diski ya dyno (ndo jina lao la kontena) ni ya muda na inawashwa upya angalau mara moja kwa siku. Jina la mteja linabaki kwa sababu databesi inakaa kwingine, haimo ndani ya kontena. Kwa hiyo hata usingekuwa na kosa lolote kwenye kodi faili zingepotea tu, we umeweka mzigo wa watu kwenye jahazi linalobomolewa kila alfajiri.

Pima mwenyewe, pandisha faili, ifungue, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha upya bila kupushi kitu. Ikipotea jibu unalo.

dada_wa_makorora (saa 3:05 usiku)
Mimi nasema rudi cPanel kaka na usione aibu. Steshenari moja inapata oda ngapi kwa siku? Nina wateja watatu huko, nalipia kwa simu, sihitaji kadi ya benki wala kuangalia dola imefika ngapi leo, na faili ukiweka leo mwakani utaikuta.

Ila usije kunilaumu, kuna mitego. Laravel inataka ile amri ya storage:link itengeneze kiungo cha public/storage, na hosting nyingi za pamoja hazikupi SSH (njia ya kuandika amri kwenye seva) na wengine wamezima kabisa fankisheni ya symlink inayotengeneza kiungo hicho. Mimi nilikwama siku nzima, mwisho nikaiweka kama kroni jobu (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya amri ya ln -s, ikakimbia mara moja nikaifuta. Mtego mwingine ni saizi, PHP ikija bila kuguswa upload_max_filesize ni 2M na post_max_size ni 8M, sasa mtu akiskani kurasa 15 kwa simu hiyo ni zaidi ya 2M mapema tu. Na ukizidisha ile ya pili, PHP tupu haikwambii kitu, fomu inafika haina faili, haina jina, haina chochote, utadhani mteja kabonyeza bila kujaza. Unabadilisha kwenye MultiPHP INI Editor humohumo. Halafu uliza idadi ya faili unazoruhusiwa, wanahesabu inodi, unaweza ukakwama diski bado nusu tupu.

sahare_dev (saa 3:20 usiku)
cPanel sawa kwa blogu. Huyu ana mfumo, achukue VPS. DigitalOcean ya dola 6 kwa mwezi inamtosha na anakuwa baba mwenye nyumba.

Lakini ndugu yangu jiandae, huku nako kuna zake. Nginx (programu inayopokea maombi ya tovuti) yenyewe mwanzo inaruhusu 1m tu, hiyo client_max_body_size, ikizidi inarudisha 413 (mzigo mkubwa mno) kabla PHP hata haijapata habari. Mimi nilikaa masaa matatu nabadilisha php.ini, naongeza 20M, 50M, mpaka hasira zikanipandisha 500M na bado 413, kumbe kwanza geti lenyewe ni Nginx, na pili nilikuwa nahariri php.ini ya cli (ya amri za terminali) wakati tovuti inasoma ya fpm. Zinafanana jina, zipo folda tofauti chini ya /etc/php. Na ukishabadilisha ya fpm uiwashe upya huduma yake, la sivyo utakuwa unamwagia maji kivuli cha mti.

Ruhusa za folda sasa. Ukiona "Permission denied" kwenye logi usikimbilie chmod 777 (kumruhusu kila mtu kila kitu), watu wanaifanya kama dua. Angalia nani anaandika, kwenye Ubuntu mara nyingi ni www-data, mpe yeye umiliki wa folda ya storage, folda 755 faili 644 inatosha. Na ile folda ya kupandishia usiruhusu PHP ikimbie ndani yake, siku mtu akikupandishia cv.php badala ya cv.pdf utaelewa.

dada_wa_makorora (saa 3:26 usiku)
Masaa matatu alafu unamshauri mwenzio aende huko huko 😂 VPS ni kufuga ng'ombe, utamkamua lakini na kinyesi utazoa wewe. Masasisho wewe, ukuta wa moto wewe, diski ikijaa saa nane usiku wewe.

sahare_dev (saa 3:29 usiku)
Dada bora ng'ombe wangu kuliko maziwa ya kupimiwa.

mkonge_na_kodi (saa 3:47 usiku)
Mnabishana mahali pa kulala tu, swali lake ni faili zikae wapi. Anaweza kubaki hapohapo kwenye kontena na asipoteze hata karatasi moja, atoe faili nje aweke kwenye baketi (ghala la faili mtandaoni). S3 ya Amazon ipo tangu 2006, siku hizi Cloudflare R2 wanaelewa lugha ileile ya S3, GB 10 za kwanza ni bure na hawakutozi faili zikishushwa. Kwa Laravel unaongeza kifurushi cha league/flysystem-aws-s3-v3, kwenye .env (faili la mipangilio) unaandika FILESYSTEM_DISK=s3 (kama mradi wako ni wa kabla ya toleo la 9 inaitwa FILESYSTEM_DRIVER, hapa watu wengi wanaumia, wanabadilisha jina lisilosomwa), na funguo zako.

Ubaya wake upo. Popote ulipoita storage_path() au public_path() moja kwa moja patavunjika, lazima upite Storage tu. Pili dada wa kaunta kila akiprinti anashusha faili toka mbali kwa bando la dukani. Tatu, usiifanye baketi ya wazi! Hiyo ni mitihani, vyeti, CV za watu zenye namba za simu. Weka ya siri, toa kiungo cha temporaryUrl cha dakika kumi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sasa na ina masharti yake kuhusu taarifa kusafirishwa nje ya nchi, asome kwanza.

mtoto_wa_ngamiani (kesho yake, saa 7:40 mchana)
Nimefanya jaribio la mzee. Nimewasha upya bila kupushi, faili imeyeyuka. Kwa hiyo kodi yangu haina kosa... nilidhani. Maana nimekaa na logi nikagundua kuna oda nyingine faili haikuwahi kufika kabisa. Nikaona nimeandika hivi:

in_array($ext, ['pdf', 'docx'])

na mashine ya kuskani ya ofisi moja inatoa Barua.PDF kwa herufi kubwa. Inakataliwa kimyakimya, oda inaingia bila faili. Aibu gani hii.

mzee_wa_logi (saa 7:58 mchana)
strtolower (geuza herufi ziwe ndogo) kabla ya kulinganisha, kisha usiamini hata hiyo herufi, soma aina halisi kwa finfo. Na faili isipofika oda isiingie, hiyo ndo iliyokuponza kwa mwalimu zaidi ya kontena. Pia angalia majina ya folda, Windows haijali Uploads na uploads, Linux kwake hao ni watu wawili hawajuani.

mtoto_wa_ngamiani (saa 4:10 usiku)
Nimeamua VPS, ila kwa mtindo wa kuchanganya. Kodi ipo /var/www/duka/releases, kila deploi folda mpya, faili za wateja zipo /var/www/duka/shared nje kabisa, zimeunganishwa kwa kiungo. Nimedeploi mara nne jioni hii makusudi, ile pidiefu ya mtihani bado ipo. Usiku rclone (programu ya kunakili faili) inapeleka bakapu kwenye baketi ya siri ikiwa imefungwa kwa ufunguo, na kroni inafuta faili yenye siku saba, maana mteja akishachukua karatasi zake sina sababu ya kukaa na CV yake.

cPanel sikuikataa kwa ubaya dada, ni kwamba nataka kuongeza foleni ya kubadilisha docx kuwa pidiefu na kule hawaniruhusu kuendesha kitu muda wote.

dada_wa_makorora (saa 4:15 usiku)
Haya mfugaji. Siku diski ikijaa anza na df -h (nafasi ya diski), ikisema ina nafasi angalia df -i (hesabu ya inodi).

mtoto_wa_ngamiani (saa 4:22 usiku)
Nimeandika ukutani. Swali la mwisho, kuna mtu kaleta picha ya kitambulisho, HEIC, brauza ya dukani haifungui, nifanyeje?

mkonge_na_kodi (saa 4:30 usiku)
Hizo ni iPhone. Ibadilishe iwe jpg hapohapo inapofika, Imagick (nyongeza ya PHP ya kushughulikia picha) inaweza kama imejengwa na libheif (maktaba ya kusoma HEIC). Angalia kwanza kwa Imagick::queryFormats('HEIC'), ikirudisha orodha tupu seva yako haijui, usianze kuhariri php.ini tena 😂