Kikundi cha Ukoo, Kibosho: Marehemu Wote

Dada Rose, 06:12
Tumsifu Yesu Kristo. Nakumbusha tena, Jumatatu tarehe 2 Novemba ni Marehemu Wote. Misa ya asubuhi parokiani, kisha tunashuka nyumbani kusali makaburini. Majina ya nia ya misa nayataka leo. Na mchango.

Dada Rose, 09:40
Tiki za bluu naziona. Majibu sioni.

Frank, 09:52
Milele amina dada. Si tuunganishe na Krismasi? Nauli mara mbili inauma.

Dada Rose, 09:58
Desemba tunaenda kula, Frank. Mwaka jana pale kaburini kwa baba tuliegesha magari tu. Kanisa limetupa siku hizi makusudi. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba ukizuru makaburi na kuwaombea marehemu, ukawa umeungama, umekomunika na kuombea nia za Baba Mtakatifu, unamwombea aliyeko toharani rehema kamili. Baba hawezi tena kujisaidia. Anatutegemea sisi.

Frank, 10:01
Kuungama ndiyo kazi 😂 paroko atakosa chakula cha mchana

Mama Furaha, 10:02
Akianza na wewe atakosa na cha usiku 😂😂 Rose, kuna mbuzi au ni mtori tu?

Dada Rose, 10:03
Majina jamani.

Shemeji Tumaini, 11:20
Kwetu Walutheri wa KKKT hatuwaombei marehemu, tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Ila nitakuja na panga, pale pameota majani.

Dada Rose, 11:31
Karibu sana shemeji. Sisi tunashika Biblia yetu, 2 Makabayo 12. Askari wa Yuda Makabayo waliuawa vitani, wakakutwa na vitu vya sanamu ndani ya nguo zao. Yuda hakuwatupa. Alichangisha fedha zikapelekwa Yerusalemu, itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Ndiyo maana nawasumbua na mchango, nia ya misa ni sadaka.

Kaka Deo, 12:15
Kabla ya mchango mpya, hela ya vigae vya kaburi la baba narudishiwa lini? Fundi nilimlipa mimi.

Dada Rose, 12:17
Deo, hilo liliongelewa.

Kaka Deo, 12:17
Liliongelewa. Halikulipwa.

Frank, 12:19
Tumeanza 🙈

Dada Rose, 12:40
Orodha mpaka sasa: Babu, Bibi, Baba, Mama Mdogo, mtoto wa Furaha. Nani nimemsahau?

Baba Mkubwa, 13:26
Watoto wangu. Nimesoma orodha ya Rose, Felisi hayumo. Alizaliwa tumbo moja na baba yenu. Mimi ndiye niliyemzika pale chini kwenye migomba, padri hakuja, nami siku ile nilinyamaza. Sasa mnasema wale askari waliombewa pamoja na sanamu zao. Basi mwandikeni Felisi, jina lake lisomwe kanisani nikisikia. Na wewe Deo, vigae nitalipa mimi nikiuza ndizi.

Kaka Deo, 15:08
Shikamoo Baba Mkubwa. Usiuze kitu. Hiyo hela iacheni.

Mama Furaha, 15:30
🙏🙏

Frank, 15:34
Shangazi ameliafiki hili la Felisi?

Mama Furaha, 15:34
Frank, nyamaza.

Dada Rose, 16:02
Nimekusikia Baba Mkubwa. Mimi ndiye niliyetunga orodha, na jina lake nilikuwa nalo kichwani. Tukimwacha nje tena, hata hao wengine sijui tunawaombea kwa moyo gani. Nimeliandika. Kesho nampelekea katekista.

Shangazi, 21:47
Rose usipeleke kwanza. Nipigie.

Dada Rose, 21:49
Napiga sasa hivi shangazi.

Binamu Eliza, 22:30
Jamani ndiyo natoka kazini, meseji ni nyingi. Tunapanda Ijumaa usiku au Jumamosi?

Frank, 22:41
Mwenye jibu yuko kwenye simu.