Wenye vyoo vya umma, acheni kusingizia maji: uvundo mnautengeneza wenyewe

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimekuja na hasira. Kila choo cha umma ninachoingia huku nimeziba pua, nikitoka nikamuuliza msimamizi kulikoni, jibu ni lile lile kama amekaririshwa: "Maji hakuna, ndugu." Amekaa mlangoni na kiboksi cha hela, anapokea, anarudisha chenji, na nyuma yake kunanuka hadi wapita njia wanavuka upande wa pili. Maji hakuna!

Juzi nimeingia kimoja, sikitaji. Maji yapo, tena ya kuchezea. Tangi la choo cha kwanza linavuja, maji yanachuruzika ndani ya sinki mfululizo na hakuna anayehangaika nalo. Upande wa kukojolea wanaume, bomba linajimwagia lenyewe hata kama hakuna mtu. Akaja mhudumu na ndoo, akaitupa yote sakafuni kwa mkupuo mmoja, akasukuma povu kwa ufagio. Nusu ikaenda kwenye tundu, nusu ikajikusanya kwenye kona kwa sababu fundi aliyejenga sakafu alikosea mteremko. Bwawa. Na harufu ni ile ile ya kuchoma macho. Niambieni wenyewe, hapo kilichokosekana ni maji?

Mimi riziki yangu ni mabomba, kwa hiyo hili la maji mtamdanganya mwingine.

Tuelewane kwanza uvundo unatoka wapi. Mkojo ukiwa ndiyo kwanza umetoka kwa mtu mwenye afya haunuki kiasi hicho. Ndani yake kuna urea, na bakteria waliojaa sakafuni na kwenye mabomba wana kimeng'enya cha kuivunja hiyo urea ikawa amonia. Amonia ndiyo inayokutoa machozi. Bakteria hao wanataka vitu viwili tu, unyevu na muda. Sasa wewe unayemwaga ndoo nzima na kuiacha ituame umewapa vyote. Tena umeuchukua mkojo uliokuwa sehemu ndogo chini ya ukuta ukausambaza chumba kizima, ukaingia kwenye mistari ya saruji kati ya vigae. Saruji ile inanyonya. Ukishazama humo, mwaga maji mpaka kesho, uvundo utabaki.

Halafu kuna gamba, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote kwa sababu hakuna msimamizi anayeliona. Amonia ikizidi, madini yaliyomo kwenye mkojo, kalisiamu, magnesiamu na fosfeti, yanaganda yanakuwa utando mgumu wa rangi ya kahawia na njano. Kama maji yenu ni magumu, kila mkiyapitisha mnaongeza kalisiamu nyingine na gamba linanenepa. Nimeshafungua bomba la sehemu ya kukojolea nikakuta njia iliyobaki haipitishi hata kidole. Wahusika walikuwa wanalalamika kwamba maji hayana nguvu! Gamba lile lina vitundu vitundu, bakteria wamejenga makao humo, na kila mkojo mpya ukipita unakuta jeshi linaungoja. Sabuni hailiwezi. Klorini hailiyeyushi. Linayeyushwa na asidi: siki, au ule unga wa asidi ya sitriki ukakorogwa kwenye maji ya uvuguvugu. Unamwagia usiku baada ya kufunga, unaacha, asubuhi unasugua kwa brashi ngumu na kusuuza. Jagi moja. Jagi moja linafanya kazi ambayo pipa zima limeshindwa.

Na hapa nipaze sauti kidogo, maana nimeona watu wakifanya ujinga huu kwa macho yangu: usichanganye klorini na asidi. Kamwe. Inatoka gesi ya klorini, inaunguza mapafu. Wala usimimine klorini juu ya mkojo uliotuama, ikikutana na amonia inatoa kloramini, nayo ni sumu ya kuvuta. Mhudumu anakohoa, mnasema ana mafua.

Tuje kwenye mtego wa maji, ile shingo iliyopinda chini ya sinki la choo na chini ya tundu la sakafuni, mafundi tunaiita trapu. Alexander Cumming aliisajili hati miliki ya choo chenye shingo ya namna hiyo mwaka 1775. Ni kitu cha zamani kweli kweli! Kazi yake ni kubakiza maji kidogo, kina cha sentimita 5 hivi kwenye vyoo vingi vya kuvuta maji, ili hewa ya mfereji wa maji taka isipande. Maji yale yakikauka, mlango uko wazi. Ile harufu ya mayai viza ni haidrojeni salfaidi inayopanda kutoka kwenye chemba, haina uhusiano wowote na mtu aliyeingia kabla yako.

Sasa katika choo kile cha juzi, ile kona yenye bwawa ipo mbali na tundu la pili la sakafuni, lililo karibu na mlango. Hilo la mlangoni halipati maji hata tone kwa sababu mteremko unayapeleka kwingine. Nikachukua kipande cha karatasi laini nikakishika juu ya kile kichujio. Kikapepea. Hewa ya chemba inatoka waziwazi, inawapokea wateja mlangoni. Nikamwita msimamizi aone. Akasema ataleta dawa ya kunukia. Jamani! Nusu lita ya maji humo ndani, na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia ili yasikauke haraka, basi, kazi imekwisha kwa siku nyingi. Hiyo dawa ya kunukia, na vile vidonge vyeupe vya kutundika, haviondoi kitu. Unapata uvundo wenye harufu ya maua.

Kuhusu kuvuta maji. Matangi ya zamani yanakula lita 13 na zaidi kwa mvuto mmoja. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1992 kwamba vyoo vipya visizidi lita 6 hivi, na kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, Australia walishakuwa na matangi ya vitufe viwili, kidogo kwa haja ndogo na kikubwa kwa haja kubwa. Siku hizi ya lita 6 na 3 yamejaa kila mahali. Kwa hiyo ukijenga choo cha umma leo ukafunga tangi la kizamani kwa sababu ulilipata kwa bei ya kutupa, usije kulia kwamba bili ya maji imekushinda. Ila na wale wajanja wa kutumbukiza chupa ya mchanga ndani ya tangi, angalieni: sinki lililotengenezwa kusukumwa na maji mengi ukilipunja, mzigo haushuki, mtu anavuta mara mbili, na umepoteza zaidi ya ulichookoa. Choo cha kuchuchumaa cha kumwagia kwa kopo kinaridhika na lita 2 au 3 kikiwa na sinki la mteremko mkali na laini. Wekeni kopo la kipimo hicho. Mkimpa mtu ndoo ya lita 20 atamwaga ya lita 20.

Tangi linalovuja nalo lina kipimo chepesi ambacho hata mtoto anakiweza. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute, subiri robo saa. Rangi ikionekana kwenye sinki, raba ya chini imechoka au boya limekaa vibaya. Raba ile ni kitu kidogo mno. Tangi moja linalovuja linaweza kumeza mamia ya lita kwa siku, kimya kimya, halafu jioni mnatuambia maji yameisha.

Sehemu ya kukojolea wanaume ndiyo aibu kubwa. Mtu anakojoa robo lita, wewe unamwaga lita 4 kuifuata, na mengine yanajimwaga saa za usiku hakuna hata paka. Kuna mikojoleo isiyotumia maji kabisa. Baadhi ina mtego wenye kimiminika chepesi kama mafuta kinachoelea juu, mkojo unapita chini yake na harufu haipandi. Nyingine ina vali ya mpira inayofunguka mkojo ukishuka na kujifunga yenyewe. Zinafanya kazi, mradi kile kimiminika kiongezwe na mtego ubadilishwe kwa wakati. Mkifunga halafu mkatokomea, baada ya muda zitanuka kuliko za mwanzo, na mtasema teknolojia ni mbovu.

Usafi wa sakafu, nisikilizeni vizuri. Ondoa uchafu mkavu kwanza. Changanya sabuni kwenye ndoo ndogo, sugua kwa brashi, hasa chini ya mikojoleo na kuzunguka sinki, kisha vuta maji machafu kuelekea kwenye tundu kwa ule mpira wenye mpini. Baada ya hapo pitisha dekio lenye klorini, sehemu moja ya klorini ya asilimia 5 kwa sehemu 49 za maji, iache dakika kadhaa ifanye kazi. Klorini kabla ya sabuni ni hasara, uchafu unaimaliza nguvu. Mwisho kausha. Sakafu iwe kavu! Vishikio vya milango, koki na vitufe vinafutwa kwa kitambaa chenye dawa hiyo hiyo, na kitambaa cha choo kisiguse koki. Anzia pasafi malizia pachafu. Kazi yote hiyo haifikishi ndoo mbili kwa choo cha kawaida.

Lakini mhudumu yule mmempa nini? Ufagio na ndoo. Hana brashi, hana glavu, hana mpira wa kukaushia, na anafanya zamu peke yake. Halafu wateja wakifoka, anafokewa yeye. Mimi sina ugomvi naye hata kidogo.

Na kule ambako maji hayapo kweli, maana najua kupo, bado uvundo si lazima. Zimbabwe miaka ya 1970 walibuni choo cha shimo chenye bomba la hewa: bomba pana linapanda hadi juu ya paa, mdomoni lina wavu. Upepo ukipita juu unavuta hewa kutoka shimoni, hewa safi inaingia kupitia tundu la kuchuchumalia, na nzi wanaofuata mwanga wa bomba wanakwama kwenye wavu. Ndani panatakiwa pawe na giza giza na tundu lisifunikwe kabisa. Sasa nenda kaangalie mnavyojenga: bomba jembamba, limeishia chini ya paa, wavu hakuna. Mmejenga pambo. Kuna vile vya kutenganisha mkojo na kinyesi, unanyunyiza majivu au unga wa mbao kila baada ya haja kubwa, havitumii maji na havinuki vikitunzwa. (Majivu ni kwa choo kikavu tu. Ukiyatia kwenye sinki la maji unaita fundi.) Kunawa mikono, kibuyu chirizi cha kukanyaga kwa mguu na sabuni iliyofungwa kamba kinatosha, na maji yale ya kunawia yakikingwa yanafaa kumwagia choo.

Watumiaji wenzangu wanaokojoa pembeni ya sinki, nanyi mna siku yenu, nitawafungulia uzi.

Kila tarehe 19 Novemba ni Siku ya Choo Duniani. Tunapigwa hotuba, wakubwa wanakata utepe kwenye choo kipya kinachong'aa. Bajeti ya kukata utepe ipo, ya raba ya tangi haipo.

Kama kuna msimamizi au mwenye choo humu, aje ajibu mambo matatu, bila porojo: matundu yako ya sakafuni mara ya mwisho yametiwa maji lini, gamba limewahi kusuguliwa kwa asidi, na mhudumu wako ana brashi au hana? Ukija na "maji hakuna," taja kwanza matangi mangapi yanavuja.