Msaada: aliyenifailia ritani (fomu ya kodi ya mwaka) hakusaini, sasa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wanataka risiti za biashara nisiyokuwa nayo

MamaNadya_Columbus
Habarini wadau, naombeni ushauri maana usingizi sipati. Niko Ohio, kazi yangu ni kupakia vifurushi usiku, nina watoto wawili. Ritani ya 2023 nilifanyiwa na kaka mmoja hapa mtaani, ana laptopu na printa sebuleni kwake, anaongea Kiswahili ndo maana wengi tunakimbilia kwake. Nilimpa W-2 (karatasi ya mshahara ya mwajiri) moja tu ya dola 41,000. Refandi (hela ya kodi unayorudishiwa) ikaja zaidi ya 9,000, yeye akachukua 900 keshi, nikamshukuru na dua nikamuombea. Wiki iliyopita barua ya ukaguzi ikaingia, wanataka risiti na daftari la maili za biashara ya kusuka nywele. Jamani mimi hata twende kilioni sijui kusuka! Nikamuomba nakala, akanitumia picha ya kurasa mbili kwa WhatsApp, pale anapotakiwa kusaini mtayarishaji pameandikwa nimejifailia mwenyewe. Tangu hapo simu hapokei. Hivi serikali haiwakagui hawa watu? Na hilo deni ni langu au lake?

Mtaalam_wa_Hesabu
Pole sana dada. Mimi ni enrolled agent (mtaalam wa kodi mwenye kibali cha IRS), kesi kama yako naziona kila msimu. Amekuandikia Skedyuli C (fomu ya biashara ya mtu binafsi) yenye hasara, nakisia kama 14,000, kipato chako kionekane 27,000. Kwa watoto wawili EITC (nafuu ya kodi ya wafanyakazi wenye kipato kidogo) ya mwaka huo inapanda kutoka kama 2,500 hadi karibu 5,500, hapo ndipo alipopatia ile 900 yake. Deni ni lako, maana kwa sheria ritani ni yako hata kama hukuelewa kilichoandikwa, na kuna faini ya asilimia 20 wanaweza kuongeza juu. Sasa tafadhali USITENGENEZE risiti. Wakiona ni uzembe wanakufungia EITC miaka 2, wakiona ni udanganyifu ni miaka 10. Jibu ndani ya siku 30 za hiyo barua, sema wazi biashara haikuwepo, ambatanisha zile meseji zake na kama ulitoa hela benki kumlipa weka na hiyo. Tafuta kliniki ya LITC iliyo karibu, wanawasaidia wenye kipato kidogo kubishana na IRS, bure au kwa hela kidogo sana. Halafu mripoti kwa fomu 14157 pamoja na 14157-A.

Mpemba_Portland
Swali lako la serikali ndo linaniuma mimi. Wanawakagua ndiyo, ila kuwazuia kuanza hawawezi. Anayelipwa kufaili lazima awe na PTIN (namba ya mtayarishaji kutoka IRS), asaini, akupe nakala, basi. PTIN yenyewe unaomba mtandaoni na haina mtihani wowote. 2011 IRS walileta sheria ya mtihani na masomo kila mwaka, watayarishaji watatu wakaenda mahakamani, kesi ya Loving, wakashinda 2013 na rufaa 2014 wakashinda tena. Mahakama ikasema sheria iliyotumika, ya 1884, inahusu wanaowakilisha watu mbele ya Wizara ya Fedha (wakati ule watu walikuwa wanadai fidia za farasi waliokufa vitani) na kujaza fomu siyo kuwakilisha. Mpaka leo Bunge halijaziba hilo pengo. Huku Oregon ni tofauti, huwezi kumgusa mtu ritani yake kwa malipo bila kusoma masaa 80 na kufaulu mtihani. Ohio kinyozi anatakiwa leseni lakini huyo wa sebuleni hatakiwi, mimi hili sitalikubali kamwe.

Shiku_Dallas
Woiye pole sis. Hata hao wenye ofisi na bango kubwa angalia vizuri, mwaka 2014 wakaguzi wa GAO (ofisi ya ukaguzi ya Bunge) walijifanya wateja wakaenda ofisi 19, refandi sahihi walipewa 2 pekee. Mimi siku hizi naenda VITA (mpango wa IRS wa watu wanaojitolea kujaza ritani) pale maktaba, ni bure, mtu wa pili anaipitia ritani yako kabla haijatumwa, na unakaa nayo mezani unauliza hii laini ni ya nini, hii je. Kwa huyo wenu wa sebuleni kuna watu wangapi wamepita? Waambie wafungue akaunti zao za IRS waone walichofailiwa kabla barua hazijawafikia.

MamaNadya_Columbus
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepiga LITC, wamenipa miadi Jumanne saa nne asubuhi. Nimemwambia na wifi yangu maana yeye na mumewe walifailia huko huko, tumefungua akaunti yake jana usiku, na yeye kaandikiwa biashara ya kusuka, hasara ile ile mpaka senti. Mtaalam, na yeye aripoti sasa hivi au asubiri barua?

Mtaalam_wa_Hesabu
Asisubiri. Barua haijafika, bado ana nafasi ya kurekebisha mwenyewe kwa 1040-X (fomu ya kusahihisha ritani). Nendeni naye LITC hiyo Jumanne, na hizo Skedyuli C mbili mziprinti muende nazo.